Gari Lenye Kutu la Dola Milioni Tatu

Jumamosi moja usiku hosteli, umeme ndiyo kwanza umerudi na kila mtu anagombania soketi, rumeti wangu alinirushia simu yake kitandani huku akicheka hadi machozi. "Hebu angalia hawa, halafu uniambie kama wana akili timamu."

Kwenye simu kulikuwa na video ya mnada uliofanyika Kissimmee, Florida, tarehe 10 Januari 2020. Limeingizwa gari moja la kijani, Ford Mustang ya mwaka 1968. Rangi imechoka, kutu inaonekana, bodi ina makovu kila upande. Kwa hapa kwetu ni gari ambalo trafiki akiliona kwa mbali anaanza kutabasamu. Dalali akaita bei, ikapanda, ikapanda tena, na nyundo ilipogonga ilikuwa dola milioni 3.4. Ukijumlisha na ada ya mnada, mnunuzi alitoa dola milioni 3.74.

Rumeti wangu akatoa kikokotoo, akajaribu kubadilisha hizo pesa kuwa bumu la muhula mmoja, akakata tamaa. "Hiyo ni bumu ya chuo kizima, kwa ajili ya skrepa!"

Nilicheka naye. Lakini swali lake lilinikaa kichwani wiki mbili nzima, nikalifuatilia maktaba na kwenye simu hadi bando likaisha. Makala hii ndiyo jibu langu, na najua halitampendeza. Msimamo wangu ni kwamba watu wanaokusanya na kufufua magari ya zamani ya Marekani wanafanya kazi ya kisomi kuliko baadhi yetu tunaojiita wasomi. Ila na wao kuna kitu kikubwa wanakisahau, na nitakisema pia.

Magari ya vijana

Tuanze na magari yenyewe, maana huwezi kubishana juu ya kitu usichokijua. Wamarekani wanayaita magari ya misuli. Unachukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, la milango miwili, lisilo na mbwembwe, unalitia injini kubwa ya silinda nane iliyokusudiwa kwa gari kubwa zaidi. Basi. Ndiyo siri yote.

Wengi huanza hesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria yake ya ndani: gari la ukubwa ule lisiwe na injini inayozidi inchi za ujazo 330. Mhandisi John DeLorean na wenzake pale Pontiac walikuwa na injini ya inchi 389, karibu lita 6.4, na wakaona njia ya kupita. Sheria ilihusu injini ya kawaida ya gari, haikusema chochote kuhusu vifaa ambavyo mteja anaviomba kwa hiari yake. Basi injini kubwa wakaiuza kama nyongeza, kwa karibu dola 300 juu ya bei ya gari. Walitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka ule wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000. Kila mwanachuo aliyewahi kusoma kanuni za mitihani akitafuta mwanya atawaelewa vizuri sana hawa watu.

Wateja walikuwa nani? Vijana. Watu wa umri wangu na wako. Mwaka 1968 Plymouth walitoa gari linaloitwa Road Runner, bei yake ikianzia chini ya dola 3,000. Ndani lilikuwa tupu kabisa, hakuna cha anasa, pesa yote imekwenda kwenye injini. Kampuni iliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili kutumia jina na picha ya yule ndege wa katuni anayekimbia, na honi ikatengenezwa ilie kama yeye. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuyapenda haya magari. Watu wazima waliovaa suti na tai walikaa kikao kujadili honi ilie vipi.

Halafu mambo yakageuka haraka. Kampuni za bima zikaanza kutoza kijana mwenye gari la aina hii pesa nyingi mno, wakati mwingine kijana anaweza kulipia gari lakini bima imshinde. Mwishoni mwa 1970 ikasainiwa sheria ya hewa safi, na injini zikaanza kupunguzwa makali ili ziweze kutumia petroli isiyo na risasi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaizuia Marekani mafuta. Foleni kwenye vituo vya mafuta, bei juu, na gari linalokunywa kama pipa lililotoboka likawa mzigo. Ndani ya miaka kumi tangu GTO itoke, enzi ilikuwa imekwisha. Magari yakauzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa, yakaachwa kwenye nyasi nyuma ya nyumba.

Ni hayo yaliyoachwa kwenye nyasi ndiyo leo watu wanayatafuta.

Kufufua si kupaka rangi

Nilidhani kufufua gari ni kulinyoosha, kulipiga rangi na kulifuta ling'ae. Hapana jamani. Nilipoanza kufuatilia hatua zake nilijiona niko kwenye somo la mbinu za utafiti.

Kwanza gari linafumuliwa lote, hadi skrubu ya mwisho. Kila kipande kinapigwa picha kabla ya kutoka, kinatiwa kwenye mfuko, kinaandikwa kilitoka wapi. Bodi tupu inafungwa kwenye mtambo unaoizungusha kama mshikaki ili fundi afike chini yake bila kulala chali. Rangi inaondolewa yote, na hapo ndipo ukweli unapotoka: pale palipojaa puti, pale palipochomelewa bati juu ya kutu, mlango uliotoka kwenye gari jingine.

Halafu inakuja kazi ya nyaraka. Kwenye magari haya, vipuri vingi vimeandikwa tarehe ya kutengenezwa. Kioo kina alama yake, alternata ina namba yake, kabureta vilevile. Kama gari liliunganishwa Machi 1970 na alternata inasema Mei 1970, basi hiyo alternata haikutoka nayo kiwandani, hata kama inafanana kwa kila kitu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, injini na giaboksi vinagongwa sehemu ya namba ya chesisi, kwa hiyo mnunuzi wa kwanza kuuliza anauliza: namba zinaoana? Zisipooana, bei inaporomoka. Kwenye magari ya Chrysler mafundi hupekua springi za viti vya nyuma wakitafuta karatasi ambayo wafanyakazi wa kiwandani waliiacha humo, iliyoorodhesha gari lile liliagizwa na nini na nini. Karatasi ya miaka hamsini, imeliwa na panya nusu, inashikwa kwa uangalifu kama hati ya kale.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Kwa sababu kughushi kupo. Ile GTO ya 1964 na ya 1965, kwa vile iliuzwa kama nyongeza, namba yake ya chesisi ni sawasawa na ya gari la kawaida la Pontiac Tempest LeMans. Ukiitazama namba peke yake huwezi kujua. Mtu mwenye vipuri na subira anaweza kuchukua LeMans ya kawaida akaigeuza GTO, akakuuzia kwa bei ya GTO. Sisi tuliokulia enzi ya uhakiki wa vyeti feki tunalijua hilo vizuri: karatasi ni safi, mtu ndiye hayumo. Ndiyo maana mnunuzi makini wa magari hayo anataka rekodi za kiwanda, anataka shajara ya wamiliki, anataka mtaalamu aliyesoma maelfu ya magari ya aina ileile. Mwambie mtu huyo "nimeambiwa tu kwamba ni halisi" uone atakavyokutazama. Halafu linganisha na zile insha zetu tunazoanza na "tafiti zinaonyesha" bila kutaja utafiti wowote.

Kuna hatua moja ilinishangaza kuliko zote. Wakati gari likipita kwenye mstari wa kuunganishia, mkaguzi aliyethibitisha kwamba bolti fulani imekazwa aliweka alama, ya chaki ya mafuta au ya doa la rangi. Alama hizo hazikukusudiwa kuonwa na mteja, ziko chini ya gari au nyuma ya ukuta wa injini. Mafundi wa leo wanaosafisha chesisi hawazifuti ovyo. Wanazipiga picha, wanazipima, na wakishamaliza kupaka rangi upya wanazirudisha palepale, kwa rangi ileile na kwa mwandiko uleule wa haraka wa mtu aliyekuwa anakimbizana na mstari.

Nilisoma hilo mara mbili. Nitalirudia baadaye.

Mwalimu na gari lake

Sasa turudi kwenye ile Mustang ya kijani, maana mjanja mmoja atauliza: kama kufufua ni kazi kubwa hivyo, mbona gari la dola milioni 3.74 lilikuwa na kutu?

Ndiyo utamu wa kisa chenyewe. Gari lile lilitumika kwenye filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, likiendeshwa na Steve McQueen, kwenye mbio za karibu dakika kumi na moja katika milima ya mitaa ya San Francisco. Mwaka 1974 familia ya Kiernan, watu wa kawaida wa New Jersey, ilisoma tangazo kwenye jarida, ikalinunua kwa takriban dola 6,000. Hawakulifungia. Mama wa familia ile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na gari lile ndilo alilokuwa akiendesha kwenda kufundisha watoto wa darasa la tatu. Mwishoni mwa 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba auziwe. Hawakuuza. Mwaka 1980 klachi ikafa, gari likaegeshwa, na likakaa miaka na miaka huku mashabiki wakilitafuta duniani kote. Lilionyeshwa hadharani tena Januari 2018, Detroit.

Familia ilipoamua kulitoa, ingeweza kulifumua, kulinyoosha, kulipaka kijani kipya kinachong'aa. Pesa ya kazi hiyo isingekosekana. Wakaamua kutengeneza mashine liweze kutembea, na bodi wakaiacha kama ilivyo. Chini yake vyuma vilivyochomelewa kushikia kamera za filamu bado vipo. Na makovu ya miaka ya kwenda shuleni yapo pia. Ukiondoa rangi ile ya zamani, umeondoa ushahidi wote wawili kwa siku moja, wa mwigizaji na wa mwalimu.

Kwa hiyo wanaofufua magari wenyewe wamegawanyika. Kundi moja linasema gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na wapo wanaolipita hata hilo, wanalitengeneza zuri kuliko lilivyowahi kuwa: milango imekaa sawa kwa milimita, rangi imenyooka kama kioo. Kiwanda cha 1970 hakikuwahi kutoa gari la namna hiyo, kilikuwa kinakimbizana na idadi. Kundi la pili linasema gari huwa la asili mara moja tu, ukishalipaka upya basi, usiguse kama bado linasimama. Mimi niko na kundi la pili pale ambapo gari lina historia inayosomeka juu ya ngozi yake, na niko na kundi la kwanza pale ambapo kutu imeshakula hadi hakuna cha kusoma. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanabishana. Watu wenye pesa na mafundi wenye grisi mikononi wanakaa wanabishana ukweli wa kitu ni upi: siku kilipozaliwa, au maisha kiliyoishi? Hilo ni swali la darasa la falsafa ya elimu, na sisi mwaka wa kwanza tulilipita kwa kukariri slaidi.

Pingamizi, na nazikubali nusu

Najua mtakachosema. Kwanza, hii ni michezo ya matajiri. Ni kweli. Tena ina kejeli yake: magari yaliyotengenezwa yawe rahisi ili kijana wa kiwandani ayamudu, leo yamezungushiwa kamba na kijana haruhusiwi hata kuegemea. Mtu anayelinunua kama hisa, analifungia kwenye ghala lenye kiyoyozi akisubiri bei ipande, hajafufua chochote. Huyo simtetei.

Pili, mazingira. Injini ya lita 7 inayokunywa mafuta vile, dunia hii ya leo? Nakubali kwamba hatuhitaji magari haya barabarani kila siku, na hayapo barabarani kila siku. Yanatembea kidogo mno. Na mtu anayetunza kitu cha chuma kwa miaka hamsini ana somo la kutupa sisi tunaobadilisha simu kabla skrini haijapata mkwaruzo.

Tatu, na hii ndiyo ya rumeti wangu: pesa hiyo ingejenga madarasa mangapi? Swali zuri, lakini tuliulize kwa haki. Mara nyingi gharama ya kufufua gari inazidi bei ambayo gari litauzwa. Gari la milioni tatu ni moja kati ya maelfu. Wengi wa hawa watu ni mafundi, madereva wa malori, wastaafu, wanaotumia wikendi zao miaka mitano kwenye gereji ya nyumbani kwa gari ambalo halitawarudishia pesa. Hatuwaambii wacheza bao wauze bao wajenge madarasa.

Shahada ya gereji

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Katika mji wa McPherson, jimbo la Kansas, kuna chuo kidogo kinachoitwa McPherson College. Kimefundisha kufufua magari ya zamani tangu miaka ya 70, na leo unaweza kupata hapo shahada ya kwanza ya miaka minne katika fani hiyo. Miaka minne, sawa na ya mhandisi. Wanafunzi wanajifunza kufinyanga bati, kutengeneza injini, kushona viti, kuchanganya rangi, na humohumo wanasoma historia ya magari na teknolojia. Wanavaa joho kama sisi.

Nilipomwambia rumeti wangu alicheka mara ya pili. "Shahada ya gereji? Si aende tu mtaani akajifunze?"

Na hapo, wanachuo wenzangu, sikucheka naye.

Baba yangu ni fundi wa kunyoosha bodi, Morogoro. Ana kibanda cha mabati chini ya mwembe, ana nyundo saba, na kila moja ina kazi yake. Nimekua nikimwona anapitisha kiganja juu ya mlango wa gari huku amefumba macho, kwa sababu anasema jicho linadanganywa na rangi lakini kiganja hakidanganywi. Akishapata bonde anachora duara kwa chaki, anapiga kwa nyuma taratibu, anapitisha kiganja tena. Wateja wengine wanataka ajaze puti na kupaka rangi haraka ili wakauze. Nyingine amezifanya, maana ada yangu ililipwa na hizo pia. Lakini huwa hazungumzi siku hizo.

Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kwenye semina, tuliambiwa tujitambulishe na tuseme wazazi wetu wanafanya nini. Kuna aliyesema mama yake ni daktari, kuna aliyesema baba yake ni mkurugenzi. Zamu yangu ilipofika nikasema: "Baba yangu anajihusisha na biashara ya magari." Watu wakaitikia kwa heshima. Sikudanganya, lakini nilijaza puti.

Miaka mitatu sasa. Nimesoma nadharia za kujifunza kwa vitendo, nimeandika kuhusu elimu ya kujitegemea, nimepata A. Na rumeti wangu ananiita "binti wa magari" akidhani baba ana yadi ya kuuzia. Ilibidi nione chuo cha Kansas kinatoa shahada kwa kazi ambayo mwanzo wake ni kiganja juu ya bati, ndipo nikaona aibu yangu ilikuwa ya kijinga kiasi gani. Na hilo nalo linaniuma: kwamba nilihitaji Wamarekani waniambie.

Wanachokisahau

Nilisema wakusanyaji nao wanasahau kitu. Kumbuka zile alama za chaki.

Dodge Charger ya 1968 na Dodge Challenger ya 1970, magari ambayo leo yanagombaniwa minadani, yaliunganishwa kwa sehemu kubwa katika kiwanda kilichoitwa Dodge Main, Hamtramck, mji uliozungukwa na Detroit. Mei 1968, wakati magari yenyewe yanapita kwenye mstari, wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma kupinga mstari kuharakishwa. Adhabu iliwaangukia zaidi wafanyakazi weusi. Mmoja wa waliofukuzwa kazi alikuwa General Baker. Hilo General ni jina lake, si cheo. Yeye na wenzake wakaanzisha chama chao, DRUM, kwa sababu waliona kampuni inawapa weusi kazi ngumu na za hatari, na chama kikubwa cha wafanyakazi hakiwasikilizi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, kikabomolewa.

Sasa fikiria. Fundi wa leo anarudisha alama ya chaki kwa uaminifu wa ajabu, rangi ileile, pembe ileile. Lakini mkono ulioiweka ulikuwa wa nani? Alikuwa na haraka kwa nini? Mstari ulikuwa unakwenda kasi gani siku ile? Kwenye mnada utasikia injini, namba, rangi ya asili, jina la mmiliki wa kwanza. Mfanyakazi hatajwi. Tumehifadhi mwandiko wake tukamsahau mwandishi.

Simaanishi wakusanyaji ni wabaya. Nasema kazi yao ya kisomi imeishia nusu ya njia, na ile nusu nyingine ndiyo ngumu. Na kabla hatujawanyooshea kidole, tujitazame. Tunatembea kwenye korido zenye madawati yaliyotengenezwa na seremala tusiyemjua, tunaenda mazoezi ya kufundisha kwa mabasi yaliyonyooshwa na watu kama baba, halafu tunamwambia mwanafunzi wa kidato cha pili: "Usiposoma utaishia gereji." Mimi nimelisema hilo darasani, kwa mdomo wangu, mwaka jana nikiwa fildi. Kijana mmoja dawati la nyuma aliinamisha kichwa. Sikumuuliza baba yake anafanya kazi gani.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Serikali ya wanafunzi inapoandaa wiki ya taaluma, tuwaite mafundi wasimame mbele waeleze kazi yao kama wahadhiri wageni, na wapewe nauli na posho kama wageni wengine, si cheti cha shukrani tu. Na sisi wa elimu, ile sentensi ya "utaishia gereji" tuitoe kwenye midomo yetu kabla hatujaajiriwa, kwa sababu tukishaajiriwa itatoka yenyewe.

Mimi likizo hii naenda Morogoro na daftari. Nimempigia baba simu, nikamwamkia, nikamwambia nataka aninyooshee mlango mmoja pole pole huku naandika kila hatua, tangu kiganja hadi msasa wa mwisho. Akanyamaza kidogo. "Mama, unataka kuandika nini sasa, si kazi tu hiyo?" Nikamwambia ni ya chuo. Akasema nikifika nimkumbushe kununua chaki, zimemwishia.

Rumeti wangu amesoma makala hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Bado anasema dola milioni 3.74 kwa gari lenye kutu ni wendawazimu. Lakini ameniuliza kama baba anaweza kuangalia mlango wa gari la mjomba wake.